Meno Yaliyolika: Kupanda kutoka Moba hadi Kirungu

Afikaye Moba kwa chombo kutoka Kalemie huona kwanza ufuko wa Tanganika, mitumbwi ya wavuvi na ndagala zilizoanikwa juani. Kisha huinua macho, akaona vilima. Huko juu ndiko Kirungu, mji ulioitwa zamani Baudouinville, ambako Mapadri Weupe walianza misioni yao mwaka 1893. Huko ndiko Stefano Kaoze alikopewa upadri mwaka 1917, naye akawa padri wa kwanza wa Kongo ya nyakati hizi. Nchi hiyo haisahau pia Kapiteni Joubert, Mfaransa aliyewalinda watu dhidi ya wafanya biashara ya watumwa, akakaa kwao mpaka kufa kwake mwaka 1927.

Siku moja ya kiangazi tulishuka bandarini kuchukua simenti ya shule. Tulikuwa na kamioneti ya zamani, na shofere wake kijana mpole. Magunia yakapakiwa, akina mama waliotaka kupanda nasi wakaketi juu yake. Shofere akageuza ufunguo. Tukasikia mlio mrefu, kama nyuki katika mzinga, na mkwaruzo kidogo ndani yake; lakini mashini haikuzunguka. Akageuza tena, ikawa vile vile.

Hapo tulikosa, wala hatutaki kuficha kosa letu. Wiki tatu kabla ya hapo, wazazi walikuwa wamechanga fedha, tukanunua batri mpya, kwa maana sisi wenyewe tulisema ubovu uko katika batri. Basi tukamwambia kijana yule mbele ya watu wote: «Umeuza batri ya wazazi, ukatutilia nzee!» Naye akainama bila kujibu.

Karibu nasi alikuwa mzee mmoja, fundi wa mashini za mitumbwi na motokari. Akasogea polepole, akatuamkia kwa heshima, akasema: «Mwalimu, unisamehe. Batri iliyokufa haiwezi kuimba namna hiyo. Umemsikia kijana, lakini mashini hujaisikia.»

Kisha akatufundisha. Zamani watu walizungusha mashini ya motokari kwa mkono, kwa kipini cha chuma. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza motokari zenye demareri ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Demareri ni mashini ndogo yenye kigurudumu cha meno. Ufunguo ukigeuzwa, kigurudumu hicho husukumwa mbele, kikauma duara la meno lililozunguka gurudumu zito la mashini kubwa, kikalizungusha mpaka mashini iwake; kisha hurudi nyuma.

«Basi sikiliza,» alisema mzee. «Ukisikia ta-ta-ta upesi upesi, na taa zikififia, tazama batri, na vichwa vya nyaya kama vimeshika kutu. Ukisikia pigo moja zito, kisha kimya, umeme haupiti vizuri ndani ya demareri yenyewe. Demareri ikizunguka bure, umeme upo, ila meno hayashikani: ama kigurudumu hakisogei, ama kinateleza juu ya mhimili wake, ama meno ya duara yamekwisha. Na ikikwaruza, meno yamelika, au misumari inayoishika demareri imelegea.»

Tukamwuliza atajuaje ni lipi. Akawashusha akina mama, akautoa ufunguo, akatia vitesi ya juu, akatuambia tuisukume kamioneti kidogo sana, kiasi cha kuigeuza mashini tu. Kisha akatoa vitesi, akamwambia kijana ageuze ufunguo. Mashini ikawaka mara moja! Watu wakashangilia. Sisi hatukushangilia.

Mzee akaeleza: mashini ya silinda nne, ikizimwa, husimama karibu kila mara katika mahali pawili palipoelekeana. Kwa hiyo kigurudumu huuma siku zote meno yale yale, nayo hulika kabla ya mengine. Ukiigeuza mashini kidogo, kigurudumu hupata meno mazima. Kama ubovu ungalikuwa katika batri, kusukuma kidogo vile kusingalisaidia kitu.

Tukapanda Kirungu bila kuzima mashini, na ziwa likibaki chini yetu, limeng’aa kama bati jipya. Njia nzima hatukupata neno la kumwambia shofere wetu.

Kesho yake mzee alikuja. Alizuia magurudumu kwa mawe, akafungua kwanza waya wa batri, ndipo akaishusha demareri. Kigurudumu chake kiliteleza vizuri, ila ncha zake zilikuwa zimelika. Akamulika tundu kwa taa, akaigeuza mashini kwa mkono: tukaona kwa macho yetu mahali pawili penye meno mafupi. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Alilipasha duara moto akaling’oa, akalirudisha akiwa amelizungusha robo, ili meno mazima yaje mahali pa kazi. Akatia na kigurudumu kipya. Batri ya wazazi ilikuwa pale pale, nzima. Na tena, ile ya kwanza tuliyoitupa huenda haikuwa na kosa lo lote.

Juma lililofuata tukashuka tena bandarini. Tukasimama mahali pale pale, tukawaita wale wale waliosikia lawama, tukamwomba kijana msamaha kwa sauti ile ile tuliyomtukania. Akajibu: «Yamekwisha, Mwalimu.» Kisha akageuza ufunguo, na mashini ikawaka.

Ninyi wazazi na walimu, mtoto akishitakiwa nyumbani, sikilizeni kwanza mlio wa mambo yenyewe. Fedha iliyopotea kwa haraka hupatikana tena. Jina la mtu si jepesi kulirudisha.