Tiketi Saba za Kwenda Isikizya: Ulipe kwa Kadi Gani?



Msimu wa harusi umeingia, na maswali mengi tunayopokea ni ya singo, hina, gauni la nikaha na mpangilio wa ukumbi. Leo tuna jambo lisilo na harufu ya udi, lakini linakula fedha za harusi kimya kimya. Ni yale makato yanayoongezwa juu ya nauli ya ndege wakati wa kulipa. Yanatofautiana kwa kadi unayotumia na kwa mkono unaopitishia fedha, na biharusi wengi hawayajui mpaka wameshayalipa.

Tulijifunza haya tulipokuwa tukipanga safari ya kwenda kumchukua wifi yetu Isikizya. Kwa wasiopajua, Isikizya ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Kutoka Unguja unavuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, kisha unachagua: basi, treni ya reli ya kati, au ndege mpaka Tabora mjini, halafu gari. Wanaume wetu walichagua treni. Sisi tulikuwa wanawake saba: bibi, shangazi wawili, mama mdogo, dada wawili na wifi mkubwa. Bibi ana maumivu ya magoti, na shangazi zetu wamepita umri wa kukaa kutwa na kucha kwenye kiti. Tukakubaliana: ndege.

Fedha zilikuwa za mchango. Kila mmoja alitoa alichojaaliwa, na wengine walituma kwa simu kutoka Pemba na Dar es Salaam. Ukishika fedha ya namna hiyo umeshika amana, si mali yako. Mwenye kutoa shilingi elfu tano kwenye biashara yake ya vitumbua anastahiki kujua imekwenda wapi.

Nauli hubadilika kila siku, kwa hiyo tutumie namba za mfano zilizo rahisi kuhesabu. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi ni shilingi 500,000. Watu saba ni 3,500,000. Mchango unatosha, na kinabaki kidogo cha gari la kutoka Tabora. Sasa unaingia kwenye tovuti ya muuzaji wa tiketi wa kati, kwa sababu ndiyo iliyotokea ya mwanzo ulipotafuta. Unaandika majina, unachagua viti, na unapofika ukurasa wa mwisho unakuta "ada ya huduma" ya shilingi 20,000 kwa kila abiria. Hiyo ni 140,000. Halafu ukichagua kulipa kwa kadi, inaongezwa asilimia 3 juu ya jumla yote: 109,200 nyengine. Makato yamefika 249,200, karibu nusu ya tiketi ya mtu mmoja, na bado hamjapanda hata boti.

Na sisi ndivyo ilivyotukuta. Bei ya mwanzo ilitutosha, bei ya mwisho haikututosha. Tulikaa kimya barazani, kila mmoja akitazama simu. Kisha shangazi mkubwa akasema, "Basi wanangu, mimi nitabaki. Mtaniletea picha." Huyu ndiye aliyemlea bwana harusi tangu mama yake alipofariki. Hakusema kwa kununa. Alisema kama mtu anayesogea kwenye mkeka ili mwengine apate pa kukaa. Hapo tukafunga ule ukurasa bila ya kulipa, tukaanza kuuliza upya: makato haya ni ya nini, na yepi yanaepukika?

Jawabu la kwanza ni kwamba makato hayako namna moja. Kuna ada ya anayekukatia tiketi, awe wakala wa mtaani au tovuti. Kuna ada ya njia ya malipo, yaani kadi au simu. Na kuna hasara ya kubadilisha fedha, ambayo mara nyingi haiandikwi kama ada. Imejificha ndani ya kiwango cha kubadilishia. Ukizitenganisha hizi tatu, unaweza kuuliza kila moja peke yake.

Ada ya kukatiwa tiketi huondoka mara nyingi ukinunua kwa shirika la ndege lenyewe, kwa tovuti yake au ofisini kwake. Tuliwasiliana na shirika moja kwa moja, tukaulizia bei ya watu saba na njia za kulipia. Tukapewa namba ya kumbukumbu ya kulipia kwa simu. Ile ada ya kila abiria haikuwepo kabisa.

Ya pili ni njia ya malipo. Michango yetu mingi ilikuwa imeshaingia kwenye simu. Shoga wengi hapa hufanya hivi: wanazitoa kwa wakala, wanalipa makato ya kutoa, wanapeleka noti benki au ofisini, na pengine wanalipa tena huko. Fedha moja inakatwa mara mbili. Ikiwa fedha iko kwenye simu na shirika linapokea malipo ya simu, iache humo na ulipe humo humo. Ikiwa iko benki, lipa kwa kadi ya benki hiyo. Kabla ya kulipa, tazama jedwali la makato la kampuni yako ya simu, kwa sababu viwango hupangwa kwa ngazi, na kulipa mara moja kwa jumla mara nyingi kuna nafuu kuliko kulipa vipande vipande. Angalia pia kikomo cha muamala kwa siku, usije ukakwama tiketi nne zimelipwa na tatu bado. Kumbukeni tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021, zikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka ule ule. Wako miongoni mwetu waliorudi kubeba noti ndani ya kanga wakati ule. Viwango hivi hubadilika, kwa hiyo jedwali la mwaka jana halikutoshi mwaka huu.

Ya tatu ni kubadilisha fedha, na hapa ndipo kadi inapoleta tofauti kubwa. Kaka yetu aliyeko London alijitolea kwa moyo mweupe kulipa kwa kadi yake, sisi tumrudishie. Tulimshukuru, kisha tukapiga hesabu. Tiketi ya ndani ya Tanzania bei yake ni shilingi. Kadi yake ni ya paundi. Benki ya Uingereza ingebadilisha fedha kwa kiwango chake, na benki nyingi huongeza ada kwa malipo ya fedha za kigeni. Kwake huko, sheria imekataza tangu tarehe 13 Januari 2018 mfanyabiashara kumtoza mteja nyongeza kwa sababu tu amelipa kwa kadi yake binafsi. Kabla ya hapo yalikuwepo mashirika ya ndege yaliyosamehe ada kwa aina moja tu ya kadi, na mwaka 2011 jumuiya ya watetezi wa walaji, Which?, ilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya biashara. Lakini katazo hilo halifuti ada ya benki ya kubadilisha fedha. Kwa hiyo kadi iliyo bora kwa tiketi ya London si lazima iwe bora kwa tiketi ya Tabora.

Wakitaka kwenda Tabora, wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili vizuri. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo mpaka Unyanyembe haikubeba noti. Ilibeba vitambaa vya merikani na kaniki, nyaya na ushanga. Stanley, aliyejiandalia msafara wake Unguja mwaka 1871, aliandika kwamba ushanga mweusi ulikuwa fedha huko Ugogo lakini kwengineko haukuwa na thamani, na ushanga mweupe uliopokelewa Ufipa ulidharauliwa Ukonongo. Mwenye kubeba ushanga usiofaa alikuwa tajiri kwenye mizigo na maskini njiani. Na juu ya hayo kulikuwa na hongo, ada ya kupita kwenye nchi ya kila mtemi, iliyojadiliwa siku kadhaa kabla ya msafara kuruhusiwa kuendelea. Ushanga wetu leo ni kadi na simu, lakini swali ni lile lile: huko ninakolipa, wanapokea nini bila ya kunikata?

Ukilipa kwa kadi ya Tanzania kwenye tovuti ya nje, tovuti inaweza kukuuliza, "Ulipe kwa dola au kwa shilingi?" Ukichagua shilingi, mara nyingi tovuti ndiyo inayobadilisha fedha kwa kiwango chake yenyewe, na huwa kiwango kibaya kuliko cha benki yako. Kwa tiketi ya ndani hakuna haja ya kuzunguka huko. Machi 2025 Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Ukiulizwa dola kwa safari ya Dar es Salaam kwenda Tabora, una haki ya kuuliza kwa nini.

Sasa upande wa dini, maana hapa kwetu hatuachi kuuliza. Kadi inayotoa fedha zilizomo kwenye akaunti yako ni fedha yako mwenyewe. Kadi ya mkopo ni deni, na ukichelewa kulipa linazaa riba. Harusi tunayoiombea baraka haipendezi kuanza kwa riba kwa ajili ya tiketi ya wanaokwenda kupokea mke. Wanaotaka akaunti isiyo na riba wanazo njia: Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 ikifuata misingi ya sharia, na Benki ya Watu wa Zanzibar nayo ina huduma za kibenki za Kiislamu. Waulizeni kadi zao zinafanyaje malipo ya mtandaoni, maana benki nyingi hutaka uombe huduma hiyo ifunguliwe kwanza kwa usalama wako.

Na msituelewe vibaya kuhusu mawakala. Wakala anayekaa na bibi asiyejua kusoma skrini, akamkatia tiketi, akamweleza uzito wa mzigo na saa ya kufika uwanjani, amefanya kazi. Ujira wake ni halali akiutaja mwanzo nanyi mkaridhia. Kinachotukera ni ada inayochungulia mwishoni, wakati mtu ameshachoka na ameshatangaza safari. Bei itajwe kabla ya mkono kwenda mfukoni.

Sisi tuliishia hivi: tulinunua kwa shirika lenyewe, kwa shilingi, kwa malipo ya simu, tiketi zote saba kwa pamoja. Makato ya simu yalikuwepo, lakini yalikuwa madogo mno ukilinganisha na yale ya mwanzo. Jina la shangazi mkubwa lilikuwa la kwanza kwenye orodha, kabla hata ya bibi.

Kwenu biharusi na wasimamizi wa harusi, tunawaachia haya:

Majina kwenye tiketi yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Mke wa Kiislamu habadilishi jina la baba yake kwa kuolewa, basi usikatiwe tiketi ya fungate kwa jina la mume wakati kitambulisho kinasema jengine. Kurekebisha jina kunaweza kugharimu kuliko makato yote tuliyoyataja.

Jueni kwamba fedha ikirudishwa, kwa kawaida hurudi kwenye kadi au simu iliyolipa. Ukilipa kwa kadi ya mpwa wa jirani, utaidai kwa mpwa wa jirani. Na yapo mashirika yanayotaka kuiona kadi iliyolipia wakati wa kuripoti uwanjani, basi mwenye kadi awe mtu mnayempata.

Tazameni jumla ya mwisho, si bei ya mwanzo. Andikeni bei mbili au tatu kwenye karatasi, kila moja na makato yake, mlinganishe kabla ya kulipa.

Na wekeni risiti. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Daftari la mchango lenye risiti ndani yake huzuia maneno mengi baada ya harusi, na wanawake tunajua maneno hayo yanavyoweza kukaa miaka.

Mwenyezi Mungu awajaalie kheri biharusi wetu wote, awape safari za salama na ndoa zenye utulivu. Na yule dada ambaye hii leo ameshika simu yake akiangalia ukurasa wa mwisho wa malipo, asubiri kidogo. Aulize kwanza.