Kupitia malisho mpaka Semliki

Watoto wetu wengi wanajua bonde la Ziwa Albert kwa habari za vita tu. Mimi ninatamani watembee katikati ya malisho ya ng'ombe mpaka pale mto Semliki, unaotoka Ziwa Edward, unapoingia ziwani. Kule ni tambarare, miguu midogo inaweza. Maji yale yanaendelea na Nile mpaka Misri. Darasani ninayachora ubaoni. Pale mtoto atayaona kwa macho.

Amani ikiwepo, tuanze asubuhi. Kwanza tuulize wachungaji, wao wanajua njia iliyo salama siku ile. Tusipite kati ya ng'ombe na ndama wake. Watoto wasikaribie maji, kuna mamba. Turudi kabla ya jioni, kwani viboko hutoka kula majani yale yale. Wachungaji wakikataa, tusibishane; turudi nyumbani na watoto wetu.