Waliorudi na Wasiorudi

Ndugu msomaji, haradali waijua kwa udogo wa mbegu yake. Huko California, Marekani, wataalamu walichukua mbegu za haradali ya mwituni za mwaka 1997, na nyingine za mwaka 2004, baada ya ukame wa miaka kadhaa. Walipozipanda pamoja, zile za baada ya ukame zilichanua mapema zaidi. Sababu ni kuwa mimea iliyokawia ilikauka kabla ya kuzaa, na iliyowahi ndiyo iliyoacha kizazi. Miaka 7 tu ilitosha.

Usidhani haya ni ya ng'ambo peke yake. Nyinyi wa pwani mna changu na tasi. Huku Mwanza nisomeshako tuna furu, samaki wadogo wa ziwani. Katika miaka ya 1950 aliletwa sangara, naye alipozidi, katika miaka ya 1980, aliwala furu hata wakakaribia kwisha. Tena mbolea na uchafu vikaingia majini, mwani ukastawi, na mwani uozapo hula oksijeni ambayo samaki huivuta.

Miaka ya 1990, sangara alipokwisha kuvuliwa kwa wingi, baadhi ya furu walionekana tena. Wataalamu waliokuwa wakichunguza Ghuba ya Mwanza tangu 1977 waliwapima. Aina moja ilikutwa na matamvua, yaani viungo vya kupumulia, yaliyozidi ya wazee wao kwa asilimia 64 ya eneo. Maji yamepungua pumzi, na samaki kapanua pumzi yake. Subhana'Llah!

Kijana mmoja darasani aliponisikia alisema, "Basi maalim, hapana neno. Viumbe hujirekebisha wenyewe."

Nikamwambia, "Mwanangu, umewahesabu waliorudi. Wasiorudi je?"

Maana takriban aina 200 za furu zilitoweka au zikabakia ukingoni mwa kutoweka. Hata haradali ile haikubadilika bure. Ilibadilika kwa kufa wenzake.

Basi ndugu yangu, anayelima hadi ukingo wa maji, anayemwaga taka mtoni, anayevuta kokoro na kukomba vifaranga, nawe uliye pwani ukatae mkoko, asijiliwaze kuwa viumbe vitazoea. Furu hakupewa hiari. Sisi tumepewa, na kwa hiari hiyo tutaulizwa.