Wazawa Wapya wa Adams Arcade

Anayetoka katikati ya Nairobi kwa matatu ya 111, akifuata Barabara ya Ngong kuelekea magharibi, hufika Adams Arcade kabla hajachoka kukaa. Karibu na maduka yake, hatua chache tu, lipo Soko la Toi na marundo yake ya mitumba. Na mbele zaidi ni Kibra, ambako Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani, wameadhini na kuswali tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Sisi watu wa pwani huusema Nairobi kuwa mji wa baridi na haraka. Baridi ya Julai hatuikanushi.

Hapo ndipo akaapo binti wa ndugu yetu, katika nyumba ya ghorofa isiyo na ua wala bustani. Kwa ajili ya watoto ameweka sebuleni tangi la kioo lenye samaki wanne wa mapambo, aina ya gapi, wote majike, walionunuliwa hivyo makusudi ili wasizaane. Asubuhi moja ya ziara yetu, baada ya swala ya alfajiri, mtoto mdogo alikuja mbio akisema kuwa maji yameota macho. Tukasogea. Kweli, baina ya majani palikuwa na viumbe vyembamba mfano wa nyuzi, kila kimoja na macho mawili meusi.

"Ami, hatukununua dume hata mmoja," akasema mwenye nyumba, kana kwamba yeye ndiye anayetuhumiwa.

Gapi, ambaye asili yake ni mito ya kaskazini mwa Amerika ya Kusini, hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, baada ya mimba ya wiki nne hivi. Na jike aliyekutana na dume huweza kuihifadhi mbegu yake kwa miezi kadhaa, akazaa tena na tena bila ya dume kuonekana. Basi mmoja wao alitoka dukani na mzigo wake.

Furaha haikudumu. Kabla ya chai, mama alikuwa ameanza kuwala wanawe, na mtoto wetu akalia kilio cha msiba. Samaki huyu hamjui mwanawe. Kila kidogo kinachotikisika kwake ni chakula. Tukawachota wadogo kwa kikombe, tukahesabu 19, tukawatia katika mtungi wa kioo wenye maji yaleyale ya tangi, kwani maji ya mfereji yenye klorini huwadhuru. Mtungi tukauning'iniza ndani ya tangi lenyewe upate joto la hita. Chakula chao kikawa kiini cha yai la kuchemsha kilichosagwa, chembe chache tu, maana kinachobaki huyaozesha maji.

Jirani mmoja, kwa nia njema, akashauri watakaozidi wamwagwe katika Mto Motoine. Hapo tulikataa. Katika habari ya Abu Umayr, yule mtoto aliyeliliwa hali na Mtume (s.a.w.) kwa ajili ya ndege wake aliyekufa, wanavyuoni walipata ruhusa ya kumfuga kiumbe kwa kumburudisha mtoto, ila kwa sharti la kumlisha na kutomtesa. Kumtupa si kumfungua. Ikakubaliwa kwamba baada ya mwezi hivi, madume yatakapotambulikana, watengwe, kisha wagawiwe majirani wenye matangi.

Na samaki mgeni akitiwa majini humaliza wenyeji. Mbuta alipelekwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zilikuwa zimetoweka. Chache kati yake zimesalia katika matangi ya vioo ya Ulaya na Marekani, ambamo mama huyabeba mayai yake kinywani, na wanawe baada ya kuanguliwa, mpaka waweze kuogelea wenyewe.