Livu ya Kupumzika Huko Matuga

Mtumishi wa afisi akipewa livu yake, kwa desturi hufunga mzigo na kwenda kwao. Siku ya kwanza hupokewa kwa furaha. Siku ya pili majirani huja kumtazama, na kuanzia siku ya tatu yeye ndiye azungukaye: kwa mjomba, kwa shangazi, kwa mwalimu wake wa zamani, kwenye matanga ambayo hakuweza kuyahudhuria, kwenye kikao cha arusi ya Desemba. Kila nyumba ina chai, na kila chai ina shida ya kusikilizwa. Livu ikiisha hurudi kazini mfuko ukiwa mwepesi na kichwa kikiwa kizito, na wenzake wakimwuliza kama amepumzika, hujibu tu kwamba huko kwao ni wazima.

Hapana wa kulaumiwa hapo. Kuzuru jamaa ni wajibu, na mtu asiyezuru watu hatazuriwa. Lakini kuzuru si kupumzika. Mwalimu, muuguzi, chifu, karani wa dirishani, hawa wote kazi yao ni kusikiliza watu mwaka mzima, na uchovu wao ni uchovu wa watu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza katika orodha yake mpya ya magonjwa kuwa kuna uchovu utokanao na kazi usiotulizwa vema, likasema si ugonjwa bali ni hali. Dalili mojawapo ni mtu kuanza kuwachukia wale anaowatumikia. Wanaopanga foleni dirishani huitambua dalili hiyo mapema kuliko karani mwenyewe.

Mtu wa namna hiyo hana budi kuipanga livu yake mapema, naye ana nafasi ya kufanya hivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mtumishi siku za kazi zisizopungua 21 kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi 12 ya kazi, na ikigawanywa kwa mapatano, fungu moja sharti liwe majuma mawili ya kazi yasiyokatizwa. Basi majuma mawili na awape jamaa zake, na siku kumi katika zile zilizobaki aende Matuga.

Makarani wengi wa serikali walikwisha fika Matuga bila kuiona. Waliletwa kwenye mafunzo katika chuo cha serikali kilichoko huko, wakakaa darasani toka asubuhi hata jioni, kisha wakarudi kwao. Matuga yenyewe ni nchi ya Wadigo iliyo kusini ya Likoni. Upande mmoja ni bahari, yenye Ng'ombeni, Waa na Tiwi. Upande wa pili ardhi hupanda kwenye minazi, miembe na mikorosho mpaka mji wa Kwale, juu ya vilima vya Shimba. Ashukaye kwa treni kituo cha Miritini aweza kufuata barabara ya Dongo Kundu, akatokea upande wa kusini bila kuingia mjini Mombasa wala kungoja feri. Kwa aliyechoka na msongamano, faida hiyo si ndogo.

Kabla ya kuondoka, inampasa kutoa taarifa. Anayejificha hutafutwa, na anayetafutwa hapumziki. Michango ya arusi na matanga iliyokwisha andikwa kwa jina lake ailipe mapema. Vikundi vya WhatsApp avinyamazishe. Ndugu mmoja tu ajue mahali alipo, naye amwite kwa jambo la kufa au kuugua. Watakuwapo wa kusema kwamba ameshikwa na kiburi, na wengine watasema ameoa Pwani. Maneno hayo hayaui.

Katika kuchagua wakati, aepuke Desemba na Pasaka, kwani ndipo Diani na jirani zake hujaa wageni. Mei mvua ya masika ni nyingi. Januari na Februari kaskazi huvuma, na joto ni kali. Mwezi wa Septemba ni mwema, kusi ikianza kupungua nguvu. Nao ni wakati mzuri kwa mkulima, ambaye hana wa kumwandikia livu, kwa kuwa mavuno ya masika yamekwisha ingia ghalani.

Kosa la wasafiri wengi ni kutaka kuona kila kitu. Siku kumi zatosha mahali pawili tu: siku tano Tiwi, siku tano Kwale, na kuhama mara moja.

Huko Tiwi saa ya ukutani haina kazi, maana bahari ina saa yake. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika kama 50, kwa hiyo kila siku huchelewa kidogo kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndipo bamvua: maji hupwa sana karibu na saa nne za asubuhi, na mtu aweza kutembea mbali kuelekea mwambani, akitazama pweza na madimbwi yaliyobaki mawe yakiwa makavu. Baada ya juma moja ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu sana. Wavuvi hupanga kazi yao kwa hesabu hiyo, na mgeni akiifuata kwa siku tatu ataona hana haja ya kuuliza leo ni Jumanne au Alhamisi. Avae viatu kwa ajili ya miba ya urumbu, na arudi maji yaanzapo kuingia, kwani huingia nyuma ya mtu asipoangalia.

Kwenye mlango wa mto Mwachema, unaotenga Tiwi na Diani, upo msikiti wa kale wa Kongo, penye mibuyu. Watu husali humo mpaka leo. Mgeni na aende kwa mavazi ya heshima, aombe ruhusa, na asipige picha watu wakiwa katika ibada.

Chakula kisimsumbue: asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali wa nazi na samaki, na dafu wakati wowote. Ajuapo kupika, na asipike.

Kwale ni baridi kidogo kuliko pwani, na asubuhi ukungu hushuka juu ya mji. Mbuga ya Shimba, iliyotangazwa mwaka 1968, ndiyo mahali pa mwisho nchini Kenya anapopatikana palahala. Wako na ndovu, kwa hiyo kutembea peke yako msituni si ushujaa. Askari wa wanyama huwaongoza wageni kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha meta 21 hivi. Safari hiyo moja yatosha kwa siku tano. Siku nyingine ni za kiti barazani. Makaya ya wazee si bustani ya matembezi, asiyealikwa asiingie.

Wamijikenda wa zamani walikuwa na juma la siku nne, na moja katika hizo, jumwa, haikuwa siku ya kulima. Shamba lilikuwapo, jembe lilikuwapo, na mwenye nguvu alikuwapo, lakini hakulima, wala hakuna aliyemwita mvivu.

Mgeni ataamkiwa na kila apitaye njiani, naye aitikie vizuri, ampe mzee shikamoo, asimame kidogo. Salamu hizo hazichoshi, kwani hakuna anayemletea faili. Huenda siku mbili za kwanza akaona uzito, mkono ukienda mfukoni kutafuta simu. Siku ya nne au ya tano usingizi wa mchana huja wenyewe.

Asirudi usiku wa kuamkia kazi, bali siku mbili kabla. Na apitapo Kombani anunue nazi na korosho za kuwapelekea wale watakaouliza alikuwa wapi.