Siku Mbili za Mjini Kabla ya Safari ya Zombo

Siku hizi ziko jamaa zipendazo kusafiri kwa motokaa kubwa yenye vitanda na jiko ndani yake, iliyo kama nyumba ndogo yenye magurudumu. Motokaa za namna hii hukodishwa Dar es Salaam, na kwa hiyo mtu atokaye mbali, akitaka kwenda bara kuwaamkia ndugu zake, hana budi kukaa mjini siku mbili kabla ya kushika njia. Wengi huzihesabu siku hizo kuwa ni hasara tupu. Lakini sisi twaona ya kuwa ndizo ziamuazo safari nzima itakavyokuwa, nasi twapenda kueleza sababu kwa mfano wa njia moja tu, yaani ile iendayo Zombo.

Zombo ni kata ya wilaya ya Kilosa, katika mkoa wa Morogoro. Msafiri hutoka Dar es Salaam, hupita Chalinze na Morogoro, kisha hukata Hifadhi ya Mikumi. Afikapo mji mdogo wa Mikumi huiacha njia kuu ya Iringa, akashika ile ya kaskazini iendayo Kilosa. Jirani ya Zombo pana mahali paitwapo Ulaya, hata mtu aweza kujisifu ya kuwa amefika Ulaya wala hakuvuka bahari. Watu wa nchi ile ni wakulima, na mazao yao makubwa ni mahindi na mpunga.

Safari za kwenda pande hizo zilianza zamani, nazo zimetuachia fundisho. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Unguja mwezi wa Januari, akivuka kwenda Bagamoyo ili aende Ujiji kumtafuta Dakta Livingstone. Alikuwa na mali nyingi: nguo, shanga, na nyaya za shaba. Lakini wapagazi walikuwa haba, naye akakawia pwani majuma mengi akiwatafuta. Msafara wake wa mwisho uliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi, wakati masika yanapoanza. Basi walipofika mbuga ya Mkata, iliyo kati ya Morogoro na Kilosa, waliikuta imegeuka kuwa ziwa la matope. Watu na punda walizama hata magotini na zaidi, maradhi yakawashika, na Stanley mwenyewe akaugua sana. Mali haikumsaidia kitu mbele ya mvua.

Kwa hiyo neno la kwanza la kuuliza mjini si bei ya vitu, bali ni hali ya mvua na njia. Udongo mweusi wa mbuga ile haukubadilika tangu siku za Stanley; ukiloa hushika gurudumu kama ulivyoshika mguu wa punda. Masika ni Machi hata Mei. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa yalibomoa nyumba nyingi, yakaikata na reli ya kati. Aliye na busara huwapigia simu wenyeji wake kabla ya kulipa fedha za motokaa, akawauliza, "Je, mto umejaa? Gari zapita?" Wakimwambia angoje, na angoje.

Siku ya pili ni siku ya soko, nalo ni Kariakoo. Jina hili lenyewe ni kumbukumbu ya safari. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, Waingereza waliwakusanya wapagazi wengi mno ili kuchukua vyakula na silaha za majeshi, na kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Mji ulipotwaliwa mwaka 1916, mahali pa kambi yao pakaitwa kwa jina hilo, likalainishwa katika vinywa vya watu hata likawa Kariakoo. Maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa maradhi na njaa, kwa kuwa chakula hakikuwatosha. Ni vema kulikumbuka jambo hili tunaponunua unga na mchele mahali pale pale.

Tena liko jambo ambalo wageni wa mjini hawalijui. Miezi ya Januari hata Machi ni miezi ya dhiki kwa wakulima wengi: ghala imepungua, na mazao mapya yangali shambani. Mgeni akifika Zombo wakati huo mikono mitupu, wenyeji hawatamwambia neno. Watampikia, watamkaribisha tena, na mama wa nyumba atatoa hata kile alichokiweka kwa mbegu au kwa watoto. Heshima ya mgeni ni sheria, nao hawataivunja. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Lakini mgeni mwenye motokaa yenye jiko lake, asiyechukua unga wake, amemlisha nani kwa jiko hilo? Yampasa achukue chakula cha nyumba yake chote, na tena sukari, chumvi, sabuni na mafuta kwa ajili ya wenyeji wake.

Baada ya soko, na aitazame motokaa yenyewe: magurudumu na la akiba, breki, taa, kizima moto, pembetatu za kuonya, na mapipa ya maji. Ajue pia ya kuwa ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, njia kuu yakata nchi ya wanyama kwa mwendo wa kilometa 50 hivi. Yampasa apite polepole, maana agongaye mnyama hutozwa faini. Wala asilale kando ya njia, ila katika kambi zilizowekwa. Kama anao wazee wasioweza kukaa sana garini, aweza kuwatanguliza Morogoro kwa treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024, wakamngoja huko.

Basi, walimu na wazazi, mkikaa mjini kabla ya safari, msihesabu kwanza mliyoyaona na kuyanunua kwa ajili yenu. Hesabuni watu watakaowapokea, na kila mmoja wao ana nini ghalani mwezi huo. Hesabu hiyo ikiwa sawa, mtalala kwa amani katika nyumba yenu yenye magurudumu, na wenyeji wenu nao watalala kwa amani katika nyumba zao.