Maji Meupe, Meno ya Kahawia

Siku ya kupigwa picha ya kuhitimu chuoni, mpiga picha alituomba sote tutabasamu. Wenzangu wakaonyesha meno. Mimi nilifumba mdomo kama mtu aliyeuma ndimu. Picha hiyo ingali ukutani kwa mama yangu huko Njoro, na kila mgeni huuliza ni kwa nini nilinuna siku ya furaha kama ile.

Sikununa, msomaji. Mimi ni mzaliwa wa Njoro, na meno yangu ni ya kahawia, yenye mistari na vishimo vidogo, kama ya wengi niliosoma nao. Shuleni hatukuona ajabu. Ajabu ilianza tulipotoka. Kaka yangu aliwahi kwenda kusailiwa kazi mjini, akaambiwa mbele ya watu akapige mswaki kwanza ndipo arudi. Hakurudi.

Mswaki hauna kosa. Kinachotutia alama ni floraidi, madini yanayotoka katika miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa na kuyeyukia katika maji ya chini ya ardhi. Kiasi kidogo hulinda meno. Kikizidi, humdhuru mtoto ambaye meno yake ya utu uzima yangali yanaumbika ndani ya ufizi, nayo huota yakiwa tayari yameharibika. Ikiwa ni nyingi mno na mtu akainywa kwa miaka na miaka, hata mifupa na viungo hukakamaa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Ndugu zetu wa Arusha, ng'ambo ya mpaka, wana masaibu haya haya.

Nilikuwa nimeyasikia hayo nikiwa mtu mzima. Hata hivyo, likizo yangu ya uzazi ilipokwisha, nilimpeleka bintiyangu Njoro alelewe na nyanyake, nami nikarudi kazini Nairobi. Alikaa huko hadi akatimiza miaka mitatu. Ukiniuliza nilifikiri nini, nitakujibu kwamba nilidhani maji ya kisima kipya, kirefu, kilichochimbwa kwa mashine, hayawezi kuwa kama yale tuliyokunywa sisi. Sikujua kwamba aghalabu ni huko chini sana ambako maji hukaa na mwamba kwa muda mrefu zaidi.

Mama hakuwa mzembe. Kila tone la uji wa mjukuu wake lilitoka kwenye maji yaliyochemka. Mwaka jana nilipomweleza kwamba moto huua vijidudu lakini hauondoi floraidi, na kwamba maji yakipungua sufuriani floraidi hubaki ile ile ndani ya maji machache zaidi, aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, mbona wewe ulikunywa maji ya Njoro ukasoma hadi chuo?"

Nilikosa jibu, nikaamua kuyapeleka maji yakapimwe. Nilibeba chupa ya kioo iliyosafishwa ikameta. Fundi wa maabara mjini Nakuru akaikataa. Floraidi huweza kushikana na kioo na kuharibu kipimo, akasema. Nilete ya plastiki, tena niisuuze kwanza kwa maji yale yale ya kisima. Nauli ikaenda mara mbili.

Majibu yalikuja katika ukurasa mmoja. Nitrati zilikuwa chini ya kikomo chake, miligramu 50 kwa lita. Nilishusha pumzi, kwa maana nitrati hutokana na mbolea, samadi na vyoo vya shimo, na kwetu mashamba na vyoo vimepakana na visima. Zikizidi, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo, damu yake hushindwa kubeba oksijeni sawasawa, ngozi ikageuka samawati. Nazo pia haziondoki kwa kuchemsha. Fundi akanionya nisijipumbaze: nitrati huweza kupanda baada ya mvua au msimu wa mbolea, kwa hivyo kupima mara moja hakutoshi.

Mstari wa floraidi ndio uliopigiwa wino mwekundu. Ilizidi kikomo zaidi ya maradufu.

Nikaenda na karatasi yangu kwa mweka hazina wa kamati ya kisima, nikidhani ninampasha habari. Mzee wa watu hakushtuka. Alifungua kabati, akatoa faili, na katikati ya risiti za umeme akanionyesha karatasi kama yangu, ya tangu kisima kilipochimbwa. Namba zilikaribiana.

"Maji yalipimwa," akasema. "Lakini maandishi ya kitaalamu kama haya, nani angeyaelewa?"

Mama angeyaelewa! Amekuwa akihesabu pesa za maziwa maisha yake yote. Angeshindwaje kujua kwamba namba hii ni kubwa kuliko ile? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Sisi yetu ilikuwa imefungiwa kabatini huku mama akimaliza kuni kwa kuchemsha.

Dawa ipo. Tangu miaka ya 1990 Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa mkaa, ambao hunasa floraidi. ("Kwa hivyo ninywe supu?" mama aliuliza.) Mkaa huo nao huchoka na lazima ubadilishwe, ndiyo sababu maji yanayotoka humo hupimwa tena. Mvua ikinyesha, hukinga ya mabati kwa ajili ya kunywa na kupikia. Ya kisima ni ya kufulia. Ile namba ya floraidi aliiandika kwa chaki kwenye mlango wa kibanda cha maji, na kando yake 1.5. Ilipofutwa, akaiandika tena.

Bintiyangu sasa yuko nami Nairobi. Wiki iliyopita jino lake la mbele lilianza kulegea, naye hulisukuma kwa ulimi akicheka. Mama hupiga simu kila jioni kuuliza kama limeng'oka. Namjibu bado, kisha tunazungumza mambo ya ng'ombe na mvua.